Amebaki na meno 19, fizi zinatoa usaha: ang'oe yote aweke vipandikizi, au atibu fizi kwanza?

Mzizi wa Pili:

Wakuu habari. Naomba wenye ujuzi wa fizi na vipandikizi (skrubu za chuma cha titani zinazopandwa kwenye mfupa wa taya kubeba meno bandia) wanisaidie kuisoma hali hii. Nataka hatua na sababu zake.

Mgonjwa ni mwanaume, miaka 52, amebaki na meno 19. Gego la kwanza la juu kulia linacheza mpaka linapanda na kushuka ukilibonyeza. Mfuko wa fizi hapo (nafasi kati ya fizi na jino) una kina cha 9 mm, na kipimio kinapenya kati ya mizizi kutoka upande wa shavu hadi ng'ambo. Gego la juu kushoto liling'olewa zamani, na pale mfupa uliobaki chini ya sainasi (uwazi wenye hewa ulio juu ya taya) ni 4 mm. Meno manne ya mbele chini yanacheza kidogo, mifuko 5 hadi 6 mm. Chonge zote nne na magego madogo yamesimama imara, mifuko 4 mm, michache 5. Ukipima, karibu nusu ya sehemu zote zinatoa damu. Ana kisukari aina ya pili, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu) ni asilimia 8.6. Anavuta sigara kumi kwa siku.

Kaambiwa mambo mawili yanayopingana. Daktari wa kwanza: ng'oa yote 19, weka skrubu nne kila taya, ondoka na meno siku hiyo hiyo, na ugonjwa wa fizi umeisha kwa kuwa hakuna jino. Wa pili: hakuna kipandikizi mpaka fizi zitulie, angalau miezi mitatu. Nani yuko sahihi, na huyo wa pili anasubiri nini hasa?

Daktari Fizi:

Wa pili. Ile kauli ya "hakuna jino, hakuna ugonjwa" ndiyo inayoleta watu kliniki wakiwa na skrubu zinazotoa usaha.

Ugonjwa huu una pande mbili: bakteria walio kwenye ukoga, na mwili unaowajibu kwa hasira kupita kiasi mpaka unaula mfupa wake mwenyewe. Ukiyang'oa meno umepunguza bakteria, lakini mwili ni ule ule, sukari ni ile ile, sigara ni zile zile. Na bakteria wenyewe hawamaliziki wote, wengine wanabaki kwenye ulimi na kooni. Ukiacha jino lenye mfuko wa 6 mm jirani na skrubu mpya, umemjengea mgeni nyumba kando ya kichuguu.

Halafu kuna suala la maumbile. Jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazoingia ndani ya mzizi, na kati ya mzizi na mfupa kuna tabaka jembamba lenye mishipa ya damu. Kipandikizi hakina tabaka hilo. Titani imeshikana na mfupa moja kwa moja, na nyuzi za fizi zinaizunguka skrubu kama ukosi wa shati bila kuingia ndani yake. Damu inayofika pale ni kidogo na ulinzi ni dhaifu. Ndiyo maana uvimbe ukianza kwenye kipandikizi huteremka haraka kuliko kwenye jino, na hukutana na mfupa mapema.

Sasa anachosubiri. Kwanza mgonjwa afundishwe kuondoa ukoga mwenyewe, na ugaga (ukoga uliokuwa mgumu) ulio juu ya fizi utolewe. Kisha mizizi isafishwe chini ya fizi kwa ganzi, kwa mashine ya mtetemo na vifaa vya mkono vya kukwangua, kikao kimoja hadi vinne kutegemea kliniki. Baada ya hapo mifuko haipimwi kwa takriban miezi mitatu. Fizi inahitaji muda wa kujishika upya kwenye mzizi, na ukichokonoa mapema unavuruga inachojenga na kupata namba ya uongo.

Miezi mitatu ikitimia anapima tena. Anataka asione mfuko wa 4 mm au zaidi unaotoa damu, wala mfuko wowote wa 6 mm au zaidi. Sehemu zinazotoa damu zishuke chini ya asilimia 20 hadi 25, na ukoga vivyo hivyo. Mahali palipogoma kwenye 6 mm na kuendelea, fizi hufunguliwa kwa upasuaji mdogo ili mzizi usafishwe kwa macho.

Jambo moja linapitwa na wengi: nikotini hubana mishipa ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji huficha damu. Mvutaji ambaye nusu ya sehemu zinatoa damu ana moto mkubwa kuliko namba inavyoonyesha. Pia akiacha sigara, wiki za mwanzo fizi zinaweza kutoa damu zaidi. Asitishike, mzunguko wa damu ndio unarudi.

HbA1c 8.6 iteremke kuelekea 7, kwa kiwango ambacho daktari wake wa kisukari anaona ni salama. Fizi zikitulia sukari nayo hushuka kidogo, kwa hiyo kazi hizi mbili ziende pamoja.

Lile gego la juu kulia lisisubiri. Jino linalopanda na kushuka na lililotoboka kati ya mizizi ni la kung'oa mwanzoni kabisa. Meno ya mbele chini yaachwe. Sehemu kubwa ya kucheza kule inatokana na uvimbe, na uvimbe ukiondoka yatakaza. Yasipokaza vya kutosha, hufungwa pamoja kwa waya mwembamba na resini (plastiki ya kuzibia meno) upande wa ulimi.

Mkono Mwepesi:

Namuunga mkono Daktari Fizi, ila tusiseme kila anayeng'olewa yote kakosewa. Kuna mdomo ambao kila jino linaelea, na hapo daraja zima (meno bandia ya taya lote yaliyounganishwa) juu ya skrubu nne ni tiba halali. Huu sio mdomo huo. Chonge zote nne ni imara, na chonge ndiyo yenye mzizi mrefu kuliko jino lolote. Isitoshe, ili daraja zima lipate nafasi ya unene wake, mara nyingi ukingo wa mfupa hukatwa na kusawazishwa. Yaani huyu ataondolewa mfupa wenye afya, ule ambao ugonjwa haujaugusa, ili kupisha plastiki na chuma.

Kuhusu shimo la gego litakalong'olewa. Likiachwa tupu, ukingo wa mfupa hupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa huondoka miezi mitatu ya mwanzo. Dawa yake ni kukwangua nyama mbovu yote, kuosha, kujaza chembechembe za mfupa, kufunika kwa utando wa kolajeni na kungoja miezi minne hadi sita. Lakini nisingejaza siku hiyo ikiwa usaha unatoka, sukari iko 8.6 na sigara bado zinawaka. Chembechembe zitatoka pamoja na usaha. Ng'oa, safisha kwa subira, acha fizi ifunge wiki sita hadi nane, mfupa utapandwa baadaye hali ikitulia. Kupoteza milimita mbili za upana ni afadhali kuliko kupoteza pandikizo zima na kubaki na kovu.

Kushoto juu, 4 mm chini ya sainasi hazitoshi kwa skrubu ya kawaida ya 8 hadi 10 mm. Hapo sakafu ya sainasi huinuliwa. Unakata dirisha dogo kwenye ukuta wa mfupa upande wa shavu, unausukuma juu taratibu utando wa ndani ambao unene wake kwa kawaida haufiki hata 1 mm, na nafasi iliyopatikana unaijaza chembechembe za mfupa. Kama zile 4 mm zinaishika skrubu ikakaza, inawekwa siku hiyo hiyo. Isipokaza, unafunga na kurudi baada ya miezi sita hadi tisa. Kinachoharibika zaidi ni utando kuchanika. Tundu dogo hufunikwa kwa kolajeni na kazi inaendelea. Likiwa kubwa unaacha, unafunga, unarudi baada ya miezi kadhaa. Anayelazimisha anamwaga chembechembe ndani ya sainasi na kumpa mgonjwa usaha wa puani. Baada ya kazi hiyo mgonjwa asipenge kamasi wiki mbili, na akipiga chafya afungue mdomo.

Hesabu ya nafasi inafanywa kwenye picha ya pande tatu kabla ya kugusa kisu: 1.5 mm kati ya skrubu na jino la jirani, 3 mm kati ya skrubu na skrubu, 2 mm za usalama juu ya mshipa wa fahamu wa taya la chini, na ukuta wa mfupa upande wa shavu usipungue 1.5 mm, 2 ni bora. Kwa skrubu ya kipenyo cha 4 mm, pengo la jino moja linahitaji 7 mm. Pengo la skrubu mbili jirani ni 1.5 + 4 + 3 + 4 + 1.5, jumla 14 mm. Kama picha inaonyesha 12, mtu asikwambie zitaenea. Zitaenea kweli, lakini mfupa kati yake utakufa na fizi itashuka.

Wakati wa kutoboa, adui ni joto. Mfupa ukifika nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja unaanza kufa, na skrubu iliyowekwa kwenye mfupa uliokufa haishiki hata ungoje mwaka. Kwa hiyo keekee iwe kali, itobolewe kwa kugusa na kutoa, ianze nyembamba ya 2 mm na kupanuliwa kwa hatua, maji ya chumvi yakimiminika muda wote. Skrubu ikazwe kwenye Ncm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 30 hadi 35. Ikizidi sana 50 inaminya mfupa mpaka damu haipiti. Ikiwa chini ya 20 izikwe chini ya fizi, isipewe kazi yoyote. Taya la chini hungojwa miezi miwili hadi mitatu, la juu mitatu hadi sita kwa kuwa mfupa wake ni laini.

Umesahau swali moja muhimu: anatumia dawa yoyote ya kuimarisha mifupa, ya kumeza au ya sindano? Amewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni? Jibu likiwa ndiyo, hata kule kung'oa kwenyewe kunahitaji mpango mwingine.

Mzizi wa Pili:

Shukrani sana wakuu. Dawa hizo hatumii, na mionzi hajawahi. Maswali mawili zaidi. Daktari wa kwanza aliposikia anataka kubakiza meno, alipendekeza daraja la juu kulia lishikwe na skrubu moja upande mmoja na gego dogo la asili upande wa pili, kupunguza skrubu. Inafaa? La pili: kofia (jino bandia linalokaa juu ya kipandikizi) ishikwe kwa simenti au kwa skrubu yake ndogo?

Fundi Maabara:

Kuunganisha jino na skrubu kwenye daraja moja kunaepukwa pale ambapo kuna njia nyingine. Jino lina ule mto wa nyuzi, ukiuma linashuka kidogo. Skrubu haishuki. Kila unapotafuna daraja linakuwa kama ubao uliopigiliwa upande mmoja kwenye mwamba na upande wa pili kwenye sifongo. Mzigo wote unaishia kwenye skrubu, inalegea au inavunjika, na mara nyingine jino huzama taratibu kwenye mfupa mpaka likaachana na daraja. Hapo kulia panahitaji skrubu moja yenye kofia yake peke yake. Jino la jirani liachwe.

Kwa mtu mwenye historia ya fizi, kofia ya kukazwa kwa skrubu. Simenti inayobaki chini ya fizi haionekani kwa macho, na aina nyingi hazionekani vizuri hata kwenye eksirei. Inakuwa ganda gumu lenye vinyweleo, bakteria wanahamia. Fizi inavimba miezi au hata miaka baadaye na hakuna anayekumbuka simenti. Ikibidi kutumia simenti kwa sababu skrubu imekaa kwa mwinamo mbaya, ukingo wa kofia uwe usawa wa fizi au chini yake kwa kiasi kisichozidi 1 mm, ili ziada ifikiwe na kutolewa.

Kofia ya skrubu ina tundu juu. Kazi inakwenda hivi: inakazwa kwa spana ya kipimo kwenye namba ya mtengenezaji, nyingi ni Ncm 30 hadi 35. Ngoja dakika kumi, kaza tena kwa namba ile ile. Sehemu za chuma hujilaza na kupoteza mkazo kidogo baada ya mara ya kwanza, na wanaoruka hatua hii ndio wanaoitwa tena kwa kofia zinazocheza. Kisha tundu hujazwa utepe mweupe wa tefloni, ule ule wa mafundi bomba ila uliotakaswa, juu yake resini. Utepe unalinda kichwa cha skrubu kisizibwe, siku ya kufungua usilie.

Sisi wa maabara tuna dhambi zetu. Mtu anapoteza mfupa, pengo linakuwa refu, daktari anataka lijae, nasi tunatengeneza kofia yenye tumbo linalotokeza juu ya fizi, au daraja lenye ukingo wa rangi ya fizi uliopinda kwa ndani kama bakuli lililofunikwa. Linapendeza kwenye picha. Mswaki hauingii kabisa. Tumbo la daraja liwe mbinuko, lisiwe bonde, na kofia itoke kwenye fizi kwa mteremko mpole usiozidi nyuzi 30. Kabla ya kukubali kazi, mgonjwa aombe mswaki mdogo wa kati ya meno na aupitishe mwenyewe akiwa kwenye kiti. Usipopita, irudi maabara siku hiyo hiyo.

Mswaki Mwembamba:

Naongezea baada ya hapo, maana kazi hii haimaliziki siku ya kofia.

Siku kofia inapokazwa ipigwe eksirei na mifuko ipimwe, namba ziandikwe. Hiyo ndiyo alama ya kuanzia. Mwaka wa kwanza mfupa hujipanga na kushuka kidogo, kwa kawaida chini ya 2 mm. Baada ya hapo, ukiona unaendelea kushuka huku fizi ikitoa damu au usaha, ni ugonjwa. Bila picha ya mwanzo hakuna wa kujua kama mfupa umeshuka jana au ulikuwa hapo tangu siku ya kwanza, na daktari mpya atalazimika kungoja dalili kubwa zaidi: mfuko wa 6 mm au zaidi wenye damu, pamoja na mfupa ulioshuka 3 mm au zaidi.

Kuna wanaoogopa kupima mfuko wa kipandikizi wakidhani kitaharibika. Pimeni, ila kwa mkono mwepesi kuliko kwenye jino. Fizi ikitoa damu lakini mfupa haujasogea, bado inarudi ikisafishwa. Mfupa ukishaondoka, kazi ni kuzuia usiondoke zaidi, na mara nyingi ni kwa kufungua fizi.

Nyumbani: mswaki mdogo wa kati ya meno wenye waya uliofunikwa plastiki, saizi inayoingia kwa kukwaruza kidogo. Ukiteleza bila kugusa ni mdogo mno, na kwenye mdomo mmoja saizi mbili au tatu ni kawaida. Mara moja kwa siku bila kukosa, kutoka upande wa shavu na upande wa ulimi. Mashine ya kurusha maji inasaidia kutoa mabaki, haiondoi ukoga ulioganda. Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ni ya wiki mbili baada ya upasuaji, si ya maisha, inatia meno madoa na kuvuruga ladha.

Kliniki kila miezi mitatu mwaka wa kwanza. Akiwa mkavu, bila damu wala mfuko mpya, inaweza kusogezwa hadi sita, kwake mwenye sukari nisingevuka hapo. Skrubu isafishwe kwa ncha za plastiki, kaboni au titani, au hewa yenye unga laini wa glisini. Vile vifaa vya chuma cha pua vinavyokwangua mizizi vikipita kwenye titani vinaacha michirizi, na mchirizi ni kiota.

Siku moja kitu kitacheza. Usikubali "kipandikizi kimefeli" kabla ya kujua kinachocheza. Ikiwa kofia inazunguka au kubofyabofya lakini haiumi, na eksirei inaonyesha mfupa umekibana kipandikizi kama kawaida, ni skrubu ya kofia iliyolegea: inafunguliwa, inabadilishwa, inakazwa. Asiendelee kuitafunia, itavunjika ndani na kuitoa ni kazi ya saa nzima. Ikiwa chuma chenyewe kinacheza ndani ya mfupa na eksirei ina mstari mweusi kukizunguka, hakirudi, kitolewe. Na ikilegea mara ya pili, atazamwe kama anasaga meno usiku. Atahitaji kinga ya kuvaa akilala.

Mzizi wa Pili:

Nimeelewa. Kwa makadirio ni muda gani mpaka kofia mbili, kulia na kushoto? Na katikati ya safari avae nini?

Mkono Mwepesi:

Mambo yakienda sawa, kulia mwaka hivi: miezi mitatu ya fizi, minne hadi sita ya mfupa, mitatu hadi sita ya skrubu. Kama upana uliobaki unatosha bila kupanda mfupa, toa miezi ile ya katikati. Kushoto inaanza baada ya kipimo cha mwezi wa tatu, na sainasi peke yake ni sita hadi tisa. Skrubu ikiingia siku ile ile, jumla inakaribia mwaka. Ikingoja, ongeza tena miezi minne au zaidi.

Katikati asivae kitu nyuma huko. Meno bandia ya kuvua yanayokalia mfupa mpya yanaubonyeza kila akitafuna, na chembechembe zikitikisika zinageuka nyama badala ya mfupa.

Ila kabla ya yote hayo, kuna swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Mapengo yote mawili ni ya magego ya nyuma, na mbele yake kuna magego madogo imara. Mdomo wenye meno ya mbele na magego madogo yanayokutana juu na chini unaweza kutafuna vizuri kwa miaka mingi. Muulize sasa hivi anakosa kutafuna nini, na upande gani. Akisema hakuna, atibu fizi, ang'oe lile gego moja, mapengo yabaki wazi. Sainasi isiguswe.